Misitu ya Masisi ilienda wapi? Historia ya joto, makala na mvua katika milima yetu

Katika miezi hii maswali mawili yamekuwa yakirudi kila mara tunapokaa na watu waliohama makwao. La kwanza linatoka kwa wakulima: kwa nini mvua siku hizi haifuati tena kalenda, inachelewa mwezi wa tisa kisha inakuja yote kwa siku moja na kubeba shamba? La pili linatoka zaidi kwa akina mama: ni kweli kwamba sisi ndio tunaoharibu hewa ya dunia kwa sababu tunapika kwa makala?

Swali hilo la pili ni zito kuliko linavyoonekana. Kila semina inayofanywa huku inamalizika kwa maneno yale yale, raia waache kukata miti. Yanaambiwa mtu mwenye sufuria moja na shitingi moja, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mstari wa mapigano. Basi badala ya kujibu kwa neno moja, leo tupitie historia: ya dunia kidogo, na ya Masisi na Walikale zaidi, maana ya kwetu haisimuliwi sana.

Kila aliyelala chini ya shitingi anajua jambo hili bila kufundishwa: asubuhi jua linaingia, joto linabaki ndani, na kufikia saa sita huwezi kukaa. Hewa inayoizunguka dunia nayo inafanya kazi inayofanana. Kuna gesi ndani yake, hasa ile ya kaboni inayotoka kila tunapochoma kuni, makaa ya mawe au petroli, ambazo huacha mwanga wa jua upite lakini huzuia sehemu ya joto lisirudi juu angani. Bila gesi hizo dunia ingekuwa barafu tupu. Zikizidi, joto linazidi.

Zilianza kuzidi Uingereza. Mwaka wa 1769 James Watt alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa mashine ya mvuke iliyokula makaa kidogo kuliko zile za kabla yake, na katika miaka mia moja iliyofuata viwanda, treni na meli za Ulaya na Marekani zikawa zinachoma makaa ya mawe usiku na mchana. Makaa ya mawe ni nini? Ni mabaki ya mimea na misitu ya zamani sana, iliyozikwa na kugandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo wao nao walichoma msitu, ila ulikuwa msitu wa chini ya ardhi, na hakuna aliyeuona ukianguka.

Mwaka wa 1896 mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alipiga hesabu na kuonyesha kwamba gesi hiyo ikiongezeka mara mbili, dunia yote itapata joto zaidi. Mwaka huo nchi yetu ilikuwa bado mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, na kaboni iliyomhusu ilikuwa ile ya mpira na pembe za ndovu, kama tunaweza kusema hivyo. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima wa Mauna Loa huko Hawaii. Alikuta sehemu 315 za gesi ya kaboni katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420, na mwaka huo huo ukawa wa kwanza ambao joto la wastani la dunia lilipita digrii moja na nusu juu ya lile la kabla ya viwanda.

Sasa kuhusu nani kafanya nini. Mmarekani mmoja, ukigawa hesabu ya nchi yake kwa watu wote, anatoa karibu tani 14 za gesi hiyo kwa mwaka kutokana na petroli, makaa ya mawe na gesi asilia. Mkongomani, kwa hesabu hiyo hiyo, hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani moja. Mama wa Bulengo anayepuliza mbabula yake hakuisogeza namba ya Mauna Loa. Jibu la swali la pili, kwa sehemu hiyo, ni hapana.

Lakini tusimalizie hapo na kupiga makofi. Mti uliosimama unashika kaboni mwilini mwake, na ukikatwa na kuchomwa unaiachia. Katika miaka hii Kongo imekuwa ikipoteza karibu nusu milioni ya hekta za msitu wa asili kila mwaka, na miaka mingine zaidi. Hiyo si makaa ya mawe ya Mwingereza, ni msitu wetu. Tena msitu unafanya jambo jingine ambalo kwa mkulima wa Nyabiondo lina uzito kuliko hesabu za Mauna Loa: unanywa maji ya ardhini, unayatoa kwa majani, na maji hayo yanarudi kama mvua. Sehemu kubwa ya mvua katika bonde la Kongo inatengenezwa upya na msitu wenyewe, mara baada ya mara, kadiri upepo unavyosogea. Nao mzizi wa mti mkubwa unashika mlima. Masisi ni milima mitupu, basi jambo la mzizi si dogo.

Kijana aliyezaliwa Masisi baada ya vita vya kwanza anajua milima ya majani mafupi, ng'ombe, jibini, na mikalitusi iliyopandwa kwa mstari. Wageni wanapiga picha na kusema inafanana na Uswisi. Mandhari hiyo ina umri wa chini ya miaka mia moja. Zamani sehemu kubwa ya milima hiyo ilikuwa msitu wa baridi na mianzi, watu wakilima katika maeneo waliyoyafyeka na kuyaacha yapumzike, wakiwinda, na kulipa mirabaha kwa wenye ardhi kwa desturi za Wahunde. Upande wa Walikale, kwa Wanyanga, Wakano na jamaa zao, pamoja na Wambuti walioujua msitu kabla ya wote, miti ilisimama bila kukatika mpaka Lualaba.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1920 na 1930. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, ile tunayoiita leo Virunga, ya kwanza Afrika, na katika miaka iliyofuata wakaipanua na kuwaondoa watu waliokuwa ndani. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, kampuni yenye mamlaka ya kugawa ardhi, ili Wazungu waje kulima kahawa, pareto, kwinini na chai. Angalieni jambo hilo kwa makini. Serikali ile ile, katika miaka ile ile, ilifunga msitu mmoja kwa bunduki kwa jina la kuulinda, na kuutoa mwingine kwa karatasi kwa jina la kuuendeleza. Mwananchi aliyekuwa katikati alipoteza pande zote mbili. Sioni jinsi ya kuelewa ugomvi wa leo wa raia na hifadhi bila kukumbuka miaka hiyo kumi.

Mashamba ya Wazungu yalihitaji mikono. Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji hao hao, ilikuwa na watu wengi katika ardhi ndogo, na ilikuwa imepigwa na njaa ya 1928 na 1929, ile wanayoiita Rwakayihura. Mwaka 1937 serikali ikaanzisha mpango wa kuhamisha watu, Mission d'Immigration des Banyarwanda, na kuwaleta katika milima ya Masisi, hasa Gishari, kwa makubaliano na watawala wa Kihunde ambayo hadi leo yanabishaniwa. Njaa nyingine, Ruzagayura, ilipiga Rwanda mwaka 1943 na 1944. Mvua ilikosekana na ugonjwa ukashika viazi. Mpango uliendelea mpaka 1955, na watu waliohamishwa kwa jumla walizidi 80,000.

Nasema haya bila kumnyoshea kidole mtoto wa mtu yeyote. Familia iliyopakiwa lori kutoka Rwanda na familia iliyokuta jirani mpya amefyeka kilima cha babu yake hazikuulizwa, wote wawili. Ninachotaka tuone ni kwamba ukosefu wa mvua katika nchi moja ulisukuma watu kwenda katika msitu wa nchi nyingine, na msitu ule ukaanguka. Leo wataalamu wanaandika kuhusu "wakimbizi wa tabianchi" kama kitu kinachokuja. Kwetu kilipita zamani, na bado tunaishi katika matokeo yake.

Baada ya uhuru mti haukupata nafuu. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, zilisema ardhi yote ni ya Serikali. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba mali za wageni zinapewa Wazairwa. Katika Masisi, mashamba ya Wazungu yalikwenda kwa watu wenye mikono mirefu Kinshasa na Goma, na mengi yakageuzwa malisho, yale tunayoita ferme. Ng'ombe hahitaji wafanyakazi wengi, ila anataka majani na nafasi. Kwa hiyo mlima uliofyekwa kwa kahawa ukafyekwa zaidi kwa majani, na wakulima wadogo wakasukumwa juu kwenye miteremko mikali na kwenye vipande vya msitu vilivyobaki. Mtu anayelima mteremko ambao mbuzi wenyewe wanauogopa, mara nyingi, ni mtu aliyenyimwa bonde.

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Wengi wenu mlianza kuhama siku hizo. Mwaka uliofuata, Julai 1994, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda, wakawekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kandokando ya Virunga. Hakuna aliyewaletea kuni za kutosha. Maelfu waliingia hifadhini kila siku, na kilomita nyingi za mraba za msitu zikakatwa katika miaka miwili. Mwisho wa 1994 UNESCO ikaiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Tangu hapo hesabu ya makala na hesabu ya vita zimekuwa zikiandikwa katika daftari moja. Goma ilikua kwa sababu watu walikimbilia huko. Goma inapika kwa makala, kama nchi nzima ambamo familia zaidi ya tisa kati ya kumi zinatumia kuni au makala. Yeyote mwenye silaha na kizuizi barabarani alijua kwamba gunia la makala linalipa kodi kila siku, hata kipindi ambacho dhahabu na koltani hazipiti. Na namna ya kuchoma inapoteza sana: tanuru ya udongo ya kawaida inatoa kilo 10 mpaka 15 za makala katika kilo 100 za kuni kavu. Kinachobaki kinakuwa moshi.

Mwaka 2023 na 2024, kambi zilipojaa Bulengo, Rusayo, Lushagala na Kanyaruchinya, historia ilijirudia kwa mara nyingine. Akina mama walitoka kutafuta kuni upande wa hifadhi, na wengi wakakutana na wanaume wenye silaha. Madaktari wa MSF waliwatibu maelfu ya wanawake waliobakwa katika kambi hizo, na waliandika kwamba wengi walishikwa wakitafuta kuni au chakula. Mtu anayesema "raia waache kukata miti" aanze kwa kujibu hili: mama yule angepikia nini? Na kambi zile zilipobomolewa Februari 2025, wengine walirudi vijijini wakakuta hata miti ya nyumba imeondolewa. Wakaanza upya kukata.

Sasa tuone matokeo. Tuanze na barafu, maana iko katika jimbo letu hili hili. Mwaka 1906 Mwitaliano, Mtawala wa Abruzzi, alipanda Rwenzori na kikosi chake kikachora ramani ya barafu. Ilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba sita na nusu. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Hakuna mtu wa Beni aliyeikata kwa panga. Hiyo ni kazi ya joto la dunia, na ni ushahidi ambao mtu anaweza kuuangalia kwa macho.

Mvua ni hadithi ngumu zaidi. Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, ikimwaga inamwaga kwa nguvu. Milima yetu tayari ina radi isiyo ya kawaida: katika orodha iliyotolewa mwaka 2016 kwa vipimo vya setilaiti, Kabare ilikuwa ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi, na Sake yetu ikawa ya tatu. Wazee hawakuhitaji setilaiti kujua hilo, lakini ni vizuri ulimwengu nao umejua.

Tarehe 2 Aprili 2023, siku ya Jumapili, mlima uliporomoka Bulwa, upande wa Bihambwe, juu ya akina mama na watoto waliokuwa wakifua nguo mtoni. Walikufa watu kama ishirini. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, kule tunakopita tukienda Bukavu. Waliokufa walizidi 400, na wengi hawakupatikana kabisa.

Je, ni joto la dunia lililofanya hivyo? Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kujibu mwezi wa sita mwaka huo. Walisema hawawezi. Hawakusema hapana. Walisema vituo vya kupima mvua katika eneo la Ziwa Kivu ni vichache mno, hivyo hakuna namba za kutosha za kulinganisha. Nililisoma jibu hilo mara mbili. Wakati wa ukoloni taasisi ya kilimo INEAC, iliyoanzishwa 1933, ilikuwa na vituo kama Mulungu na Yangambi vilivyoandika mvua ya kila siku, kwa faida ya kahawa na kwinini za Wazungu bila shaka, lakini viliandika. Baada ya uhuru, na hasa baada ya vita, daftari nyingi zilifungwa. Hivyo sisi ni kati ya watu wanaoumia zaidi na tusioweza kuthibitisha. Katika mikutano ya kimataifa, asiye na namba hana kesi. Huko Yangambi kuna mnara wa mita 55 uliojengwa juu ya msitu, unaopima gesi inayoingia na kutoka kwenye miti tangu mwishoni mwa 2020, wa kwanza wa aina hiyo katika bonde la Kongo. Ni mwanzo mzuri, lakini Yangambi iko mbali na Katoyi. Shule, kituo cha afya au parokia yenye bidoni iliyokatwa vizuri, rula, na mtu mwaminifu wa kuandika kila asubuhi saa moja ingetusaidia kuliko semina tatu.

Kuhusu miteremko hatuhitaji kungoja namba. Mvua ile ile ikianguka juu ya mlima wenye mizizi mirefu inazama. Ikianguka juu ya mlima wa majani mafupi au shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini inateremka na udongo. Kwa hiyo mbili zimekutana: mvua yenye hasira, ambayo sababu yake kwa sehemu kubwa iko nje, na mlima uchi, ambao sababu zake nimezisimulia hapo juu, kuanzia karatasi za 1928. Na mchanga wa Masisi haubaki Masisi. Mto Lowa unaanzia milimani kwetu, unapita Walikale na kumwaga maji yake Lualaba. Mkulima wa juu akipoteza udongo, mvuvi wa chini anapata matope.

Walikale ni kama kilomita za mraba 23,000, zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima, na sehemu kubwa bado ni msitu. Uliokolewa na nini? Si na sheria. Uliokolewa na barabara mbaya. Mwaka 1970 ikaundwa hifadhi ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka misitu ya bondeni upande wa Walikale na Shabunda, bila wenyeji kupata walichoahidiwa. Kisha, kuanzia 2002, kasiteriti ya Bisie ikavuta maelfu ya vijana ndani ya msitu. Mawe yakabebwa mgongoni mpaka Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya lami pale Kilambo kuyachukua. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba pale kwa mashine. Bati hiyo inaunganisha nyaya ndani ya simu, kompyuta na hata paneli za jua ambazo nchi tajiri zinatumia ili kupunguza makaa ya mawe. Nazo koltani za Rubaya zinaingia katika vifaa hivyo hivyo. Dunia inajitibu homa yake kwa dawa inayochimbwa kwetu, na kijiji kilicho karibu na shimo hakina hata taa.

Tunaweza kufanya nini, basi? Nitasema machache ninayoona yana mwili.

Kupanda miti kulifanya kazi pale ambapo mti ulikuwa na mwenyewe. Mpango wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 katika Kivu ya Kaskazini, Masisi ikiwemo, uliwasaidia wakulima kupanda mikalitusi, akasia na grevilea katika ardhi yao ili wachome makala yao wenyewe bila kugusa hifadhi. Wengine wanalalamika kwamba mkalitusi unakausha chemchemi, na wana haki: usipandwe karibu na maji wala katikati ya maharagi. Lakini kilichouzuia mpango huo zaidi si maji, ni muda. Mti wa makala unataka miaka sita au saba. Nani kati yetu amekaa miaka saba mahali pamoja tangu 1993? Na mpangaji wa shamba la ferme hawezi kupanda mti, kwa sababu mti ni alama ya umiliki, na mwenye ferme atamfukuza kesho yake. Ndiyo maana nasema mazungumzo ya ardhi na mazungumzo ya tabianchi ni meza moja, hata kama mashirika yanayaweka katika ofisi mbili.

Umeme ni njia nyingine. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 na kina uwezo wa megawati 13 na zaidi. Nyumba na viwanda vidogo vya Goma vinakitumia. Mto tunao, mwinuko tunao. Kilichokosekana ni amani ya kuvuta nyaya mpaka Kitchanga na Masisi, na bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipa akipika, si kuwasha taa tu. Kwa sasa mbabula zilizoboreshwa, zenye udongo ndani unaoshika joto, zinapunguza makala kwa kiasi ambacho mama anakihisi mfukoni mwisho wa juma, na anayefyatua moja mwenyewe hasubiri mradi.

Kuhusu fedha za kimataifa nitapita haraka. Kuna mkataba wa Paris wa 2015. Kuna makubaliano ya Sharm el-Sheikh ya 2022 ya kuunda mfuko wa kulipa hasara na madhara, baada ya nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, kudai kwa miaka mingi. Serikali yetu imeahidi kupunguza asilimia 21 ya gesi zake kufikia 2030, nyingi ya ahadi hiyo ikitegemea pesa za nje. Mpaka sasa sijaona nyumba ya Nyamukubi iliyojengwa kwa mfuko huo.

Jambo ambalo naomba watu wa Walikale na wa Masisi magharibi wasililalie ni msitu wa jamii. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kupewa na gavana sehemu ya msitu inayoumiliki kwa desturi, mpaka hekta 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Jamii inaamua yenyewe wapi palimwe, wapi pawindwe, wapi pasiguswe. Walikale ni kati ya wilaya zilizotangulia kupata hati hizo katika jimbo. Kwa mara ya kwanza tangu 1928 karatasi ya ardhi inaweza kubeba jina la wale waliozaliwa hapo.

Lakini karatasi hiyo hiyo inavuta wageni wengine. Kuna wanaokuja kununua kaboni ya msitu: kampuni ya mbali inalipa ili miti isikatwe, na kwa malipo hayo inaendelea kutoa moshi wake kwao. Inaweza kuleta shule na zahanati. Inaweza pia kuleta mkataba wa miaka thelathini kwa Kifaransa kigumu, uliotiwa sahihi na mtu mmoja hotelini. Kabla ya sahihi yoyote iulizwe: bei ni ngapi kwa tani, nani anahesabu, pesa inapita akaunti ya nani, na nini kitatokea vita vikipita msituni na miti ikakatwa na watu tusiowatuma?

Na kuna swali ambalo sheria haikulitazama vizuri. Hati ya msitu wa jamii inaombwa kwa mikutano ya familia na koo zote zenye haki mahali hapo, mipaka ikitembelewa kwa miguu na majirani wakikubali. Katika vijiji vingi vya barabara ya Pinga, Kibua na Nyabiondo, nusu ya hao wenye haki hawapo. Wako Goma kwa jamaa, Minova, Bukavu, Uganda. Wambuti mara nyingi hawaitwi hata wakiwa hapo. Mwenye habari kwamba mkutano wa aina hiyo unaandaliwa kwao, ampigie simu mzee wa ukoo wake aombe mambo mawili: orodha ya majina ya waliohama iandikwe ndani ya faili pamoja na ya waliobaki, na ramani isomwe kwa sauti kabla haijapelekwa Goma. Tukipata tarehe na mahali pa mikutano hiyo tutaitangaza hapa, asubuhi na jioni.